Chakula gani mnacho jikoni siku zote kinachowafanya msivunje dayeti? Niko Lamu, nshavunja mara nne

Bint_Langoni

Asalaam aleykum jamani, nna swali na naomba mnijibu kwa dhati manake nshachoka kweli.

Mimi niko Lamu, Langoni, nna miaka 38 na watoto watatu. Mwezi wa pili nlienda kupimwa nikaambiwa sukari kabla ya kula ni 6.4, nesi akaniambia mama wewe si mgonjwa bado lakini uko mpakani, punguza uzito na uangalie unachokula, basi. Marehemu mamangu alikuwa na sukari na mwisho alikatwa kidole cha mguu, mimi ndo nlikuwa namuosha kile kidonda kila asubuhi kwa miezi minane mpaka alipoondoka, kwa hivo hilo neno mpakani mimi sikulichukulia mchezo hata kidogo.

Sasa tatizo langu si kuanza, kuanza naanza. Mara ya kwanza nliagiza oti za pakiti kutoka Mombasa nikazila wiki mbili kama mtu anaemeza dawa. Mara ya pili nikaacha kula usiku. Mara ya tatu supu ya kabeji. Mara ya nne nikakata wanga wote nikaenda siku kumi na tisa. Kila mara ikifika wiki ya tatu navunja, na nikivunja sivunji kwa kipande, navunja kwa sahani nzima na siku tatu zinazofuata naona basi tena, nshaharibu.

Wenye kuijua mitaa yetu mtanielewa. Saa kumi na moja jioni kuna bibi mmoja hapa kichochoroni anatoa jiko lake barazani, anateleka karai, anachovya viazi kwenye ule unga wenye bizari kimoja kimoja, na vile vichochoro vyetu ni vyembamba harufu haina pa kwenda inaingia kwa dirisha mpaka kitandani. Na mimi tangu mchana nimekula majani tu. Hapo ndipo ninapovunjikia, karibu kila mara ni saa hio hio.

Nyumbani tunakula sinia moja, mimi na mume wangu na watoto na mavyaa, na kwa mavyaa wangu wali usio na tui si wali. Siwezi kuinjika vyungu viwili kila siku, gesi bei yake mnaijua.

Kwa hivo sitaki orodha ya nisile nini, hio ninayo. Nataka kujua nyinyi mliofaulu, ni chakula gani cha kawaida ambacho kikiwepo jikoni hamvunji na kikiisha mnaanza kuyumba. Chakula cha huku kwetu, cha kupatikana hapa sokoni Mkunguni, si vitu vya supamaketi za Nairobi.

UmmuSalma_Shela

Waaleykum salaam dada yangu, pole sana kwa mamako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimesoma hapo kwenye kidonda nikakumbuka na mimi yangu, basi nakujibu kama ninavyomjibu ndugu yangu wa tumbo moja.

Jibu langu ni pojo, wengine wanaziita choroko. Mimi baada ya uzazi wa mwisho nlifika kilo 92, leo nna 77, imenichukua mwaka na miezi mitatu na ile kuvunja unayoisema wewe sijavunja, nakosea siku mbili tatu halafu narudi, kwa sababu chakula ninachorudia ni mseto, na mseto naupenda tangu niko mdogo. Hio ndo siri yenyewe kama iko siri. Zile oti hukuzipenda, utarudi vipi kwa kitu usichokipenda?

Lakini mseto wa kawaida kama watu wanavyopika hautakusaidia, manake mchele unakuwa vikombe viwili pojo kikombe kimoja na tui lote linaingia. Mimi nimeugeuza, pojo vikombe viwili na mchele kimoja. Pojo nazichagua mawe nazirowesha usiku, asubuhi naziosha, maganda yanayoelea nayamwaga lakini sizifikichi zikawa nyeupe kabisa manake ganda ndilo linaloshika tumbo. Nazi nakuna moja tu, nakamua kwa kifumbu, tui la kwanza ile kasimile natia kwenye bakuli naweka kando nafunika. Chunguni linaingia tui la pili na la tatu, lile la mwisho ambalo ukilitazama ni maji yaliyobadilika rangi tu. Pojo zinachemka mpaka zinaanza kupasuka ndipo natia mchele, kitunguu, thumu chembe mbili, chumvi, napunguza moto naenda nakoroga na mwiko mpaka ushikane lakini bado punje za pojo unaziona. Ukizidisha kukoroga unakuwa uji na ukiwa uji utashuka haraka utasikia njaa haraka.

Sasa wakati wa kupakua nafanya hivi, upande wangu wa sinia natangulia kuupakua, halafu ile kasimile naichemsha kidogo na chumvi namwaga juu ya upande wa baba na watoto na mamake. Chungu kimoja sinia moja, kila mtu ameridhika, na hakuna aliewahi kuniuliza mbona unakula chakula cha wagonjwa. Ule upweke wa kula mbali na watu ndio unaovunja dayeti dada yangu, mimi naamini hivo kuliko hata njaa.

Kitoweo ni samaki wa kuchoma, tafi au changu, yeyote wa siku hio, na kachumbari ya ndimu na pilipili na embe mbichi ikiwa zipo.

Na kwa hio saa kumi na moja yako. Mimi nachemsha pojo nusu kilo mara mbili kwa wiki naweka kwenye mikebe ndani ya friji. Ikifika alasiri, kabla sijasikia harufu ya mtu, nakula kikombe kimoja na ndimu na chumvi na kitunguu kilichokatwa nyembamba, saa nyingine na nyanya. Nikimaliza napita mbele ya karai moyo umetulia. Kabla, si baada, hapo uzingatie sana manake ukishaanza kuvitamani vile viazi pojo hazikusaidii tena.

Kijana_Mokowe

Mayai ya kuchemsha. Mimi ni wa bodaboda natoka na alfajiri, nlikuwa nakunywa chai ya maziwa na mahamri manne na saa nne niko na njaa tena naongeza mawili. Sasa mayai mawili na tango na kipande kimoja cha muhogo, mpaka saa saba sijasumbuliwa na tumbo. Nachemsha sita pamoja nabeba. Sina zaidi ya hapo lakini yamenitoa kilo 6 tangu mwaka uanze.

Mzee_wa_Dau

Binti yangu Bint Langoni, nimekusoma na nimekuelewa, mimi ni mtu mzima nna miaka 64 na bahari nimeianza nna 15, na miaka mitatu nyuma daktari aliniambia presha yako na huo mwili wako vitakuangusha ndani ya chombo siku moja. Hilo la kuanguka chomboni ndilo lililonitia hofu kuliko kufa kwenyewe.

Mimi sikuacha wali. Nlibadilisha mtangulizi. Zamani nikikaa sinia mkono wa kwanza unaenda kwa wali, tonge tatu nne za haraka, samaki ni wa kuonja. Sasa nimeugeuza mkono, naanza na samaki, namla yule samaki namaliza upande mmoja na mboga au kachumbari, ndipo nagusa wali, na nikifika kwa wali njaa ile kali ishaondoka na ninachokula ni kidogo bila mtu kunipimia. Samaki mwenyewe wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ndimu na pilipili na nyanya, supu yake unainywa ya moto. Si wa kukaanga, samaki akikaangwa anakunywa mafuta kama sponji.

Na kitu chengine ambacho vijana mmekisahau ni mkate wa mofa, ule wa mtama. Hivi sasa wengine wanachanganya ngano ukawa mlaini kama mkate wa dukani, uliza mpaka upate wa mtama. Ule huwezi kuula na haraka, unautafuna, mdomo unachoka kabla ya tumbo kujaa, na mmoja unakutosha na samaki mpaka usiku. Bibi zetu walikuwa wanatupa tukienda bahari wiki nzima, haukuwa unaharibika na haukuwa na tui wala sukari.

Jambo moja nakuongezea. Ikifika kusi, mwezi wa sita wa saba, bahari chafu, samaki wanakuwa haba na bei inapanda, hapo ndipo nyumba nyingi zinarudi kwa chapati na wali mtupu na mchuzi wa viazi. Jitayarishe mapema, weka pojo na kunde na mbaazi kavu ndani, ule msimu usikukute mikono mitupu.

Kaka_Maweni

Dada samahani, mimi niko Malindi, sitaki kuonekana napinga wakubwa lakini naona kama mnamrudisha pale pale. Mtu ana sukari ya mpakani mnampa mseto na mkate? Mimi nlikata wanga wote, hakuna wali hakuna sima hakuna chapati hakuna muhogo, nakula samaki, kuku, mayai, parachichi, mboga za majani, maji ya ndimu bila sukari. Kilo 11 ndani ya miezi miwili na nusu. Chakula changu cha jikoni cha siku zote ni parachichi na mayai. Ukiacha mlango wazi kidogo wa wanga unarudi wote, kwangu mimi ndo ilivyo.

Bint_Langoni

Kaka Maweni nashukuru na mashallah kwa hizo kilo, sikatai kwamba imekufaa. Lakini hio ndo ilikuwa mara yangu ya nne niliyoiandika hapo juu. Siku ya kumi na tisa ilikuwa harusi ya binamu yangu, tumekaa wanawake watano kwa sinia moja ya biriani, nikawa najifanya nachambua nyama, shangazi yangu akanikazia mato akauliza una nini wewe, unaumwa? Nikatia tonge moja kwa sababu ya heshima. Ndugu yangu ile tonge moja baada ya siku kumi na tisa bila punje ya wali, sikwambii, sikusimama mpaka sinia ikaonekana chini, na usiku nyumbani nikala mkate wa kumimina uliobaki wa asubuhi nimesimama jikoni taa imezimwa ili wasinione. Nliona haya sana. Maisha yetu huku ni harusi na maulidi na hitma na futari, siwezi kila mara kukaa pembeni.

Ummu Salma hilo la kasimile kuwekwa kando limenifungua macho wallahi, mbona sikuwahi kulifikiria. Mzee wangu shikamoo na ahsante, mofa nitamuuliza mavyaa anapajua.

Lishe_Malindi

Habari zenu nyote. Mimi kazi yangu ni afisa wa lishe katika kliniki hapa Malindi na haya maswali nayasikia kila Jumanne, kwa hivyo niruhusuni niandike marefu kidogo.

Bint Langoni kwanza kuhusu huo mpaka. 6.4 kabla ya kula bado haijafika 7.0 ambapo ndipo tunaita kisukari, na habari njema ni kwamba mpaka huu unarudika. Kule Marekani mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watu kama wewe, waliopunguza karibu asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 kwa muda wa miaka mitatu hivi, ilishuka kuliko hata waliokuwa wanameza dawa. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu. Si kilo thelathini. Dakika 150 ukizigawa, kwa wewe wa Langoni ukitembea njia ya pwani kwenda Shela na kurudi mara mbili kwa wiki unakuwa ushazimaliza.

Pili, swali lako la chakula kinachoshikilia tumbo lina utafiti wake. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kipimo cha kalori 240, halafu wakawauliza kila robo saa kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe wakaupa 100. Wali mweupe ulipata 138, mayai 150, samaki 225, na kilichoshinda vyote kilikuwa viazi vya kuchemsha, 323. Watu wengi wanashangaa manake wameambiwa viazi vinanenepesha. Kinachonenepesha ni karai. Kiazi kile kile ukikichemsha na ganda lake ni kingine, ukikitia kwenye mafuta ni kingine, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta peke yake ni kalori 120 hivi.

Ila kwa mwenye sukari ya mpakani sisemi ukajaze sahani viazi, vinashibisha lakini sukari yake inapanda haraka damuni, hasa vikiwa vya moto na vimepondwa. Kula kiazi kimoja au viwili vidogo, vilivyopoa, pamoja na samaki na mboga. Na hapa nataka nimpe Mzee wa Dau haki yake, hilo la kuanza na samaki na mboga ndipo wanga ni kweli kabisa, sukari ya damu inapanda kidogo kuliko ukianza na wali. Tunawafundisha wagonjwa hivyo hivyo.

Pojo nazo Ummu Salma hakukosea. Gramu 100 za pojo kavu zina protini karibu gramu 24 na nyuzinyuzi kama 16, mchele mweupe hauna hata 2 za nyuzinyuzi. Sukari yake inaingia polepole. Na hesabu ya tui watu hawaifanyi, gramu 100 za tui zito ni kalori kama 230, wali wenyewe uliopikwa kwa maji uzito ule ule ni 130. Kwa hivyo kwenye wali wa nazi mara nyingi mzigo si wali.

Kaka Maweni hongera, nawe hujakosea kwa mwili wako. Lakini mwaka 2018 Chuo cha Stanford walichukua watu 609 nusu wakapunguza wanga nusu wakapunguza mafuta mwaka mzima, mwisho walikuwa wamepungua karibu sawa, kilo 6 kwa 5.3. Walioshuka sana na walioshindwa walikuwepo pande zote mbili. Kwa hivyo swali si wanga au mafuta, swali ni lile lile aliloliuliza dada hapa, kipi utaweza kukaa nacho.

Na wote mnaosoma, aliye kwenye dawa za sukari au insulini asipunguze chakula ghafla bila kumuona daktari, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akaanguka. Mwenye matatizo ya figo pia aulize kwanza kabla ya kuongeza pojo na kunde.

Mama_Gede

Mimi Mgiriama wa huku Gede na kwangu ni mboga, mtsunga, nyinyi wa mjini mnauita mchunga, ule mchungu. Nlikuwa mtu wa soda, soda mbili kwa siku na chai ya sukari vijiko vinne, sukari ndo ilikuwa ulevi wangu. Nyanya yangu akaniambia kula kichungu na kitamu kitakukimbia. Nauchemsha namwaga maji ya kwanza, nakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, nauchanganya na mnavu na majani ya kunde, nakula bakuli kubwa na sima ya kiasi cha ngumi yangu. Zamani sima ndo ilikuwa mlima na mboga ya kuchovya tu, sasa mboga ndo mlima. Wiki ya tatu ile mnayoiogopa mimi ndipo soda ilipoanza kuniwasha koo, nlishindwa kuimaliza nikampa mtoto wa jirani.

Sijui sayansi yake lakini kwangu ule uchungu umebaki mdomoni mpaka jioni na sitamani kitu.

Swali langu kwa Lishe, muhogo je? Hapa Gede muhogo ndo asubuhi yetu, wa kuchemsha na chai.

Lishe_Malindi

Mama Gede ahsante, mboga chungu endelea nazo, na kuacha soda peke yake ushafanya nusu ya kazi. Muhogo ni mzuri lakini ujue ni mzito kuliko unavyoonekana, gramu 100 ni kalori 160 hivi, kiazi ulaya uzito huo huo ni 77, kwa hivyo kipande kimoja cha muhogo kihesabu kama viazi viwili. Kipande kama cha Kijana wa Mokowe na mayai yake, sawa kabisa. Sahani nzima na chai ya sukari, hapana. Na menya vizuri, uchemshe mpaka uive kabisa, usile mbichi.

Kaka_Maweni

Lishe nimekusoma mara mbili. Nakiri kitu kimoja ambacho sikukiandika, tangu nimalize ile miezi miwili na nusu nimerudisha kilo 4, na zimerudi wikendi, nikienda nyumbani kwa mama Mambrui. Siwezi kumkatalia mamangu wali wa nazi, anaamka alfajiri kukuna. Hii ya kuanza na samaki nitaijaribu kwake Jumamosi, hata hatajua.

Mzee_wa_Dau

Umefanya vizuri kijana. Na mama mwambie ukweli siku moja, atakukamulia mwenyewe tui la pili.

Bint_Langoni

Assalaam aleykum tena, nimerudi, leo ni siku ya 33. Nliogopa kuandika kabla ya wiki ya tatu kupita.

Nimepungua kilo 3 na nusu. Najua si nyingi lakini ni mara yangu ya kwanza kupita siku ya ishirini na moja bila ile kuvunja ya sahani nzima. Mseto napika Jumatatu na Alhamisi kwa kipimo cha Ummu, pojo mbili mchele mmoja. Siku ya kwanza nlikuwa na hofu na mavyaa, nikamimina kasimile upande wake kama nlivyoambiwa, akala kimya, mwisho akasema huu ndo mseto waliokuwa wakipika kwao Siyu, mchele ulikuwa wa kupimwa kwa kiganja na pojo ndizo zilikuwa chakula. Sasa yeye ndie ananikumbusha kurowesha. Juzi nimeamka nikakuta ashazichagua mawe, ameziacha kwenye ungo karibu na mlango.

Mofa za mtama nimezipata, kuna mama anaoka kwa oda, nachukua kumi kwa wiki. Asubuhi yangu ni nusu mofa na yai na kahawa ya tangawizi bila sukari, lile la sukari kwenye kahawa ndo lilikuwa gumu kuliko yote, sasa natafuna kokwa moja ya tende pembeni nakunywa chungu. Jioni baada ya magharibi natembea na binti yangu mkubwa mpaka nusu njia ya Shela tunarudi.

Na yule bibi wa viazi karai sikumkimbia tena. Kikombe changu cha pojo nakila saa kumi, na Ijumaa moja moja nawanunulia watoto na mimi nakula vitatu nimekaa naye pale barazani, vya moto na ukwaju, halafu naenda nyumbani. Vitatu. Zamani nlikuwa nakula tisa nimesimama. Kupimwa tena ni mwezi ujao tarehe 12, niombeeni.

Tatizo moja Ummu Salma, wiki hii stima imekatika mara mbili na pojo zangu za mkebe zimechacha, nikamwaga. Wewe unafanyaje?

UmmuSalma_Shela

Mashallah mashallah dada yangu, nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Mwezi huo tarehe 12 tuko pamoja kwa dua.

Pojo zichemshe tupu, usitie chumvi wala kitunguu wala tui, kitunguu ndicho kinachozichachisha haraka. Zikishaiva mwaga maji yote zitandaze kwenye sinia zipoe kabisa, usizifunike za moto. Halafu tia kwenye mifuko midogo kikombe kikombe, weka kwenye friza si friji, stima ikikatika zitakuwa zimegandana zitakaa siku nzima. Na kama friza huna, acha kuchemsha za siku tatu, rowesha viganja viwili kila asubuhi, zikirowa saa sita zinaiva kwa dakika ishirini tu, kamkebe kadogo ka gesi hakatakusumbua. Na huyo mavyaa mpe salamu zangu, muulize kwao Siyu walikuwa wanatia nini kingine, manake mimi bibi yangu alikuwa anatia jira nzima kidogo na sikuwahi kuuliza kiasi gani.